Tuelezwe habari ya mkojo kabla ya upasuaji wa tezi dume

Mhariri,

Redio na magazeti hutuhimiza wanaume tuliovuka miaka 50 tukapime tezi dume. Nazishukuru kampeni hizo. Nilipima, saratani ikaonekana mapema, nikapasuliwa, na leo nipo na wajukuu zangu. Ombi langu ni kwamba zisiishie kwenye kipimo. Kuna jambo linalomsubiri mgonjwa baada ya tiba na watu wanaona haya kulitaja: mkojo.

Tezi dume imekaa chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo. Ikiondolewa yote, daktari hukiunganisha kibofu na mrija upya, na mgonjwa hukaa na mpira wa mkojo wiki moja, mbili, hadi kidonda kifunge. Taabu huanza siku mpira unapotolewa. Ukikohoa, mkojo. Ukiinuka kitini, mkojo. Mimi nilitolewa mpira, nikapewa tarehe ya kliniki, na kabla hatujafika kituo cha basi kanzu ilikuwa imelowa. Mke wangu alivua khanga yake ya juu akanifunga kiunoni. Nilidhani nimeharibiwa moja kwa moja. Hakuna aliyeniambia kwamba hali hiyo huwapata wengi, na kwamba kwa walio wengi hupungua kidogo kidogo ndani ya miezi, hata kufikia mwaka.

Msaada niliupata kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali nyingine, kijana mwenye umri wa mwanangu wa mwisho. Alinifundisha kukaza misuli ile ambayo mtu huikaza anapozuia upepo usimtoke mbele za watu. Unakaza, unahesabu polepole hadi tano, unalegeza, unapumzika muda ule ule. Mara kumi asubuhi, mchana na usiku. Usizuie pumzi wala usikaze tumbo. Tena usilifanye wakati unakojoa, maana kibofu kinaweza kuzoea kutomaliza mkojo. Na kila unapotaka kukohoa au kunyanyua kitu, kaza kwanza. Zoezi hili halina gharama, na alinieleza kuwa linafaa lianze hata kabla ya upasuaji. Kwa nini basi mgonjwa asifundishwe siku ile ile anapopangiwa tarehe ya kupasuliwa?

Wengi wetu hukimbilia kupunguza maji. Alinikataza. Mkojo mzito huwasha kibofu na hualika maambukizi. Nilichopunguza ni kahawa ya barazani, kwa kuwa kahawa hukichochea kibofu, na hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko dawa zote.

Kilichoniuma zaidi ni msikiti. Nilikuwa nasali nyumbani peke yangu, nikijiona sina twahara. Sheikh wa mtaani kwetu alikuja kunijulia hali, akanieleza wazi kuwa fiqhi imelizungumzia jambo hili tangu zamani. Mwenye mkojo usiokatika ana udhuru. Anajisafisha, anajifunga kitambaa safi au pampasi, anatawadha wakati wa sala ukishaingia, kisha anasali bila kukawia. Tone likimtoka akiwa katika rakaa, sala yake haiharibiki. Hata kuisubiri sala ya jamaa hakumdhuru. Nawaomba masheikh waliseme hili kwenye darsa, kwa sauti. Nawajua wazee waliotoweka kwenye safu, watu wakidhani wamechoka na dini.

Wenzangu waliotibiwa kwa mionzi wana mtihani wa namna nyingine. Kwao mkojo huja kwa haraka na kuchoma, na wengine huona damu hata baada ya miaka. Waambiwe mapema kwamba damu kwenye mkojo haivumiliwi nyumbani, na mkojo ukiziba kabisa ni kwenda hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Kwa ambaye mwaka umepita na bado anavuja sana, upo upasuaji wa kumsaidia, ukiwamo wa kuwekewa vali ya bandia ya kuzuia mkojo. Huenda usipatikane karibu, lakini ana haki ya kujua kwamba upo.

Kuna na hili la safari. Sisi wa Tanga tukienda Dar es Salaam kliniki, dereva husimamisha gari kuchimba dawa pale anapopenda yeye. Mzee akiomba asimamishiwe kabla ya Chalinze, kondakta asimjibu kwa kelele basi zima likageuka kumtazama. Dakika tatu zinatosha.

La mwisho ni dogo na halihitaji bajeti ya wizara. Pampasi za wakubwa si rahisi kwa pensheni ya reli, kwa hiyo binti yangu hunishonea vitambaa vya pamba vya kuvaa nyumbani. Nikitoka navaa pampasi. Ikilowa, nikiingia choo cha wanaume stendi, ofisini au msikitini, sioni pa kuitupa. Hulazimika kuifunga kwenye mfuko na kutembea nayo siku nzima. Wanaosimamia vyoo hivyo, tuwekeeni ndani ndoo yenye mfuniko.

Mstaafu wa reli,
Ngamiani, Tanga