Kemia ya jumla itangulie

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi vijana wa Tanga wanaojiandaa kusoma kemia vyuoni wasichague kozi kwa kufuata marafiki. Kemia ya jumla itangulie, kwani asiyeweza kukokotoa kwamba gramu 100 za kabonati ya kalsiamu, ile iliyomo katika mawe ya chokaa ya Amboni, huhitaji moli 2 (moli ni kipimo cha kiasi cha dutu) za asidi ya haidrokloriki ili imenyuke yote, atahangaika mno katika kemia ya uchanganuzi, ile ya kupima kilichomo katika dutu na kiasi chake. Kemia ya kaboni yaweza kufuata. Kemia fizikia isubiri kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko, kwa sababu kasi ya mmenyuko huelezwa humo kwa milinganyo tofautishi, ile inayohusisha kiasi cha kitu na kasi ya kubadilika kwake. Washauri wa masomo nao, nawaomba sana, wawaeleze wanafunzi haya kabla ya usajili.

Mzazi na msomaji wako,
Ngamiani, Tanga