Magari binafsi Dar yapunguzwe, ila mabasi kwanza

Mhariri, mi niko zangu Kigoma, huku Mwanga foleni hatuijui, ila kila nikishuka Dar nakwama kwenye daladala na mzigo wa dagaa mpaka konda ananuna. Cheki pembeni sasa, gari la viti vitano, mtu mmoja, vioo juu, kiyoyozi. Wanaosema magari binafsi yalipie kuingia katikati ya jiji, Posta na Kariakoo, nawaunga mkono, London wanalipisha tangu 2003, Singapore walianza 1975 huko. Lakini jamani, mabasi ya mwendokasi, yale yenye njia yake, yapo tangu 2016 na kupanda bado ni kugombania, ukimzuia mtu wa Kimara na gari lake leo atapanda nini? Waongeze mabasi kwanza. Na tozo isiishie kwa wenye Vitz, mashangingi ya serikali nayo yalipe.

Msomaji, Mwanga, Kigoma