Usije Machi, njoo Novemba

Dodoma, katikati ya Agosti

Swahibu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo. Barua yako nimeipata na nimeifurahia mno, hasa pale uliposema unataka tulime pamoja. Eka mbili zipo, zinakungoja. Ila kuna neno moja limeninyima usingizi: Machi. Unasema utakuja Machi, mvua za masika zikianza, tupande mahindi. Nakuomba sana, usije Machi. Njoo Novemba.

Najua ulivyowaza, maana hata mimi niliwaza hivyo hivyo. Sisi tumekulia Pangani, pwani ya Tanga, mwaka tunaujua kwa pepo na mvua zake. Kaskazi na joto lake, masika kuanzia Machi mpaka Mei, kusi ikivuma bahari inachafuka, kipupwe na baridi yake, mchoo, ile mvua ndogo ya katikati ya mwaka, halafu vuli ya Oktoba. Nilihamia huku na kalenda hiyo kichwani. Mwaka wangu wa kwanza, Desemba ilipoingia, mvua ikanyesha usiku kucha. Kulipokucha mtaa mzima uko shambani na majembe. Mimi nikasema hii ni vuli tu, itapita, mbegu zangu naziweka kwa ajili ya masika. Bibi mmoja wa Kigogo, jirani yangu, alisimama mpakani akaniuliza, "Mjukuu wangu, unangoja nini?" Nikamjibu nangoja mvua. Akanitazama, asiseme kitu, akaenda zake kupanda uwele.

Nilipanda wiki ya pili ya Machi. Mvua ilinyesha mara chache, na katikati ya Aprili ikaaga. Mahindi yalifika magotini yakaishia hapo. Kila jioni nilikwenda kuyatazama: majani yamejisokota kama sigara, ukiyagusa yanakwaruza vidole. Machache yalitoa mbelewele, lakini hata gunzi moja sikuvuna. Na shamba la bibi, hatua kumi tu kutoka langu, masuke yameinama kwa uzito. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo, kwa sababu mvua ilikuja mlangoni kwangu nami nikakataa kuifungulia.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Mvua zetu zinafuatana na ukanda mvua, ule mkanda wa mawingu unaolifuata jua kwa kuchelewa kidogo. Jua likielekea kusini, mkanda unapita juu ya Tanga, Kilimanjaro na Ziwa Viktoria, ndiyo vuli. Jua likirudi, unapita tena, ndiyo masika. Nyinyi mnapitiwa mara mbili. Sisi wa kanda ya kati, pamoja na magharibi na kusini yote mpaka Songea na Mtwara, tuko karibu na mwisho wa safari yake: haujaondoka vizuri, umeshageuka unarudi. Kwenda na kurudi kwake kwetu ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili. Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza vuli na masika kwa mikoa yenu, na "mvua za msimu" kwa yetu. Maneno hayo nimeyasikia redioni tangu utotoni, nikidhani ni kitu kimoja kwa majina tofauti.

Na msimu wenyewe hapa Dodoma ni mwembamba. Kwa wastani mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600, na mara nyingi Februari huja siku kadhaa za jua kali katikati ya mvua. Mmea unatakiwa uwe umeshashika mizizi siku hizo zikifika. Kwa hiyo wenyeji wengine hupanda kwenye vumbi kabisa, kabla ya tone la kwanza, ili mvua iikute mbegu ardhini. Nami sasa nafanya hivyo. Mahindi tuyaache, tutapanda uwele, mtama na alizeti.

Lakini usije ukadhani msimu mmoja ni lazima uwe mkavu. Mwaka juzi nilikwenda Tukuyu, mkoani Mbeya. Kule nako ni mvua za msimu, ila mwaka ukiisha zimepita milimita 2,000, kwa sababu upepo wenye unyevu wa Ziwa Nyasa unapanda milima ya Rungwe na kumwaga maji yote pale. Nilikaa siku nne, shati langu halikukauka. Safari nyingine, mwezi wa saba, nikapanda Makete, mkoani Njombe, nikaona kumbe hata baridi huua mazao. Asubuhi nilikuta viazi shambani vimefunikwa jalidi, umande ulioganda, weupe mtupu. Nikachuma jani, likavunjika kama kioo. Saa sita mchana majani yale yale yalikuwa meusi, kama yamebabuliwa na moto. Mwenye shamba alikuwa amesimama kimya, mikono nyuma, nami sikupata la kumwambia.

Kwani hata kwetu si tunayaona? Msitu wa Amani unalowa karibu mwaka mzima, na nyuma ya milima ya Usambara, Mkomazi ni miiba na vumbi. Mkoa ule ule. Milima imekinga mvua upande wa bahari, upande wa pili ukanyimwa. Tulikuwa tukipita na basi tukilala tu.

Basi panga safari ufike wiki ya tatu ya Novemba. Njoo na jembe lako ulilolizoea na nguo nyepesi, maana kabla ya mvua joto ni kali. Mbegu usibebe, tutachukua za hapa. Yule bibi ameshaniahidi uwele wa kupandia. Nimemwambia nina ndugu anakuja, akaniuliza kama na wewe unatoka pwani.

Niandikie kama mchoo umenyesha mwaka huu. Hapa ni vumbi jekundu mpaka kwenye chai, nami nimekumbuka harufu ya mchanga wa kwetu ukilowa.

Msalimie mama, na watoto wote.

Ni mimi swahibu yako