Mipira ya Indiana haikuokotwa njiani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi wako wa michezo, aliyesema kwamba ubingwa wa vyuo vya Marekani ulioletwa na timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Indiana ni bahati ya mtende. Hoja yake, kama nimemwelewa, ni kwamba timu ile iliishi kwa kupora: mara imenasa pasi ya mpinzani, mara mpinzani kaponyokwa na mpira, na anayeishi hivyo leo anashiba, kesho analala njaa. Makala yenyewe nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa kituoni nasubiri basi, nikajikuta nabishana nayo kwa sauti, watu wakanigeukia.

Sina ugomvi naye. Ila mimi ni mtu wa Tanga ninayeishi Indianapolis, na Bloomington, kwenye chuo chenyewe, ni kama saa moja tu kwa gari. Timu hii nimeiona ilikotoka. Na kama kuna kitu kimoja ambacho hakikuwa bahati, basi ni hicho cha mipira.

Kwa msomaji ambaye mchezo huu unamchanganya (mimi ulinichanganya miaka miwili mizima): katika soka mpira hupotea na kurudi mara mia kwa mechi na hakuna anayehesabu. Katika futiboli ya Kimarekani timu hupewa majaribio manne kusogea yadi kumi. Ikizipata, inapewa mengine manne, na mpira unaendelea kuwa wake. Kumpokonya mpira mtu wa namna hiyo ni sawa na kumpora mvuvi ngalawa na samaki wake ndani. Hapotezi jaribio moja, anapoteza safari nzima, na mara nyingi wewe unaanzia mlangoni kwake.

Tarehe 9 Januari 2026, nusu fainali na Oregon, mechi ikipigwa Atlanta, tulikuwa kwa kinyozi mmoja Mkongomani, watu kama kumi na wawili, wengi wao tumejua mchezo huu ukubwani. Alikuwepo Mzee mmoja wa Bukavu ambaye hawezi kutazama chochote bila chai. Alikuwa ameinama anamimina kutoka kwenye chupa wakati jaribio la kwanza kabisa linaanza. Dante Moore, mpiga pasi wa Oregon, akatupa pasi fupi ya pembeni. D'Angelo Ponds akatokea mbele ya aliyelengwa, akaudaka, akakimbia yadi 25 hadi mwisho wa uwanja, na hilo ni bao. Sekunde 11 tu tangu mechi ianze. Kinyozi alipiga yowe na mashine bado iko kichwani kwa mteja. Mzee alipoinuka na kikombe akatuuliza, "Jamani, wanarudia mechi ya zamani?" Kufika mapumziko Oregon walikuwa wamepoteza mpira mara tatu na matokeo ni 35-7. Yakaishia 56-22.

Hapo ndipo mwandishi wako anaposema bahati. Lakini arudie ile picha, polepole. Ponds hakuwa akimkimbiza mtu wake huku amempa mgongo mpiga pasi, kama wanavyofanya mabeki wengi wanaokaba mtu na mtu. Alikuwa amesimama hatua kadhaa nyuma, uso kwa Moore, anasoma mkono na mabega. Alianza kukimbia mapema kuliko ilivyotakiwa, na mtu haanzi mapema kiasi hicho bila kujua pasi inakwenda wapi. Tena huyo ni kijana wa futi 5 na inchi 9, kwa mchezo ule ni mdogo. Angengoja mpira uwe hewani ndipo ashindane kuruka, angezidiwa karibu kila mara.

Na Moore huyo huyo walikuwa wameshakutana naye tarehe 11 Oktoba 2025, nyumbani kwake Eugene. Siku ile wakamwangusha chini mara sita kabla hajatupa, wakamnasa pasi mbili, Indiana ikashinda 30-20. Bahati gani inayomjua mtu kwa jina, ikamfuata kutoka Oregon hadi Atlanta baada ya miezi mitatu?

Kocha Curt Cignetti aliajiriwa tarehe 30 Novemba 2023, timu ikiwa imetoka kushinda mechi 3 na kufungwa 9. Hii ni timu iliyokuwa imepoteza zaidi ya mechi 700 katika historia yake, kwenye jimbo ambalo mtoto akizaliwa anaonyeshwa kapu la mpira wa kikapu kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka 62. Watu wengi hawajui kwamba mwaka 2011 aliacha kazi ya usaidizi chini ya kocha Nick Saban pale Chuo Kikuu cha Alabama, kwa wakubwa, akaenda kufundisha chuo cha daraja la chini la michezo huko Pennsylvania ambacho, kwa kichekesho cha ramani, nacho kinaitwa Indiana. Kisha Chuo cha Elon, kisha Chuo cha James Madison. Alipokuja Bloomington hakuja na begi tu. Alikuja na kocha wake wa ulinzi, Bryant Haines, na wachezaji zaidi ya kumi waliomfuata kutoka James Madison, wakiwemo Ponds, Aiden Fisher aliyecheza katikati, na Mikail Kamara wa mstari wa mbele.

Jambo hili naona watu wanalipita haraka, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Ulinzi wa Haines una maneno mengi. Kabla mpira haujarushwa nyuma kwa mpiga pasi, mabeki wanajifanya wamekaa hivi, kumbe watakaa vile. Wale wa mbele wanapishana, wa kulia anaingilia kushoto, na mpiga pasi akiinua kichwa anakuta mtu mahali ambapo sekunde moja iliyopita palikuwa wazi. Timu ngeni kwa kocha huhitaji msimu mzima kujifunza lugha hiyo. Indiana ilipata wakalimani siku ya kwanza. Mwaka 2024 ikashinda mechi 11, ikapoteza 2 tu, kwa Ohio State na Notre Dame, na hao Notre Dame ndio walioitoa katika mchujo.

Ukimbana mpiga pasi kwa watu wanne tu, wanabaki saba nyuma wanaomtazama usoni. Ukiwa unaongoza tangu robo ya kwanza, yeye hana budi atupe, na wewe unajua hana budi atupe. Pasi mbovu inatoka hapo. Anayeidaka ndiye anayepigwa picha, lakini aliyeiharibu mara nyingi ni Kamara au mwenzake, ambaye wakati huo amelala chini juu ya mtu.

Sasa nimpe mwandishi wako haki yake, maana nisingependa anione shabiki kipofu. Mpira ukishadondoka nyasini hauna mwenyewe. Una umbo la yai, unadunda unakotaka, na wanaofuatilia mambo haya walishaona kwamba kuuwahi ni kama kurusha shilingi. Kuudondosha kunafundishika: beki wa kwanza anamkumbatia mwenye mpira, wa pili anaupiga ngumi kutoka chini. Charles Tillman, beki wa zamani wa timu ya kulipwa ya Chicago Bears, alifanya hivyo mpaka akahesabiwa mara 44 katika maisha yake ya uchezaji, na leo kila kocha anafundisha. Kuuokota, hapo sibishi, ni kamari.

Kuna hoja nyingine ambayo angeweza kunibania nayo na nashangaa aliiacha. Mwaka 2020, chini ya kocha Tom Allen, Indiana hii hii ilinasa pasi 17 katika mechi 8, ikashinda 6, na sisi wa huku tukaimba. Mwaka uliofuata ikashinda 2, ikafungwa 10. Nilikuwepo. Kofia niliyonunua mwaka ule wa furaha niliiweka kabatini na kuifungia.

Kwa hiyo naelewa hofu ya mtu anayesema, hawa nao wataanguka. Tofauti ninayoiona ni hii: mipira isipopatikana wanafanyaje? Ohio State, waliokuwa mabingwa watetezi na namba moja, mwezi Desemba walipata pointi 10 tu mbele ya Indiana; mechi ikaisha 13-10. Alabama, siku ya mwaka mpya kule Pasadena, walipata 3. Timu inayoruhusu pointi 3 haikai kusubiri zawadi. Ikija inaipokea, isipokuja mpinzani bado hapiti.

Hata fainali yenyewe, tarehe 19 Januari, dhidi ya Miami, tena katika uwanja ambao Miami ndio wenyeji wake. Carson Beck, mpiga pasi wa Miami, hakuwa amenaswa pasi hata moja usiku ule mpaka dakika ya mwisho. Alitupa kwa uangalifu, kama mtu aliyesimuliwa yaliyompata Moore. Mashabiki wa Fernando Mendoza, mpiga pasi wa Indiana, watasema mechi iliamuliwa na zile yadi 12 alizokimbia jaribio la nne, akigongwa huku na huku mpaka akaufikisha. Sawa. Lakini ilipofika 27-21, Miami wana mpira na muda unakwisha, uangalifu haukumsaidia Beck tena. Ilibidi atupe mbali. Ndani ya dakika ya mwisho akatupa, na Jamari Sharpe, beki wa Indiana ingawa ni mzaliwa wa mji wa Miami, akawa mahali pake, akaidaka. Mechi 16, ushindi 16.

Kwa kinyozi tulikuwa wengi zaidi safari hii, wengine wamesimama mlangoni na baridi inaingia. Mzee wa Bukavu alikuwa kiti cha mbele. Chupa ya chai ameiacha nyumbani.

Naomba mwandishi wako akija upande huu anitafute kupitia kwako. Makala yake ninayo bado, nimeiandika pembeni kwa kalamu nyekundu.

Msomaji wako,
Indianapolis, Marekani