Kisigino chako, Zuhura

Mji wa Kale, Mombasa

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako nimeupata, na kilichonikaa moyoni ni ulivyosema kwamba alfajiri ukishuka kitandani lazima ushike ukuta mpaka ufike bafuni, kisha maumivu yanalegea, halafu jioni yanarudi. Pole sana. Hayo nayajua. Mimi yalinishika wakati wa kusi, nikawa nayo mpaka kaskazi ikaingia, na kazi yangu unaijua: kutwa kusimama dukani Biashara Street, sakafu ngumu, miguuni ndara.

Sasa wewe unataka kuchomwa sindano ya dawa kwa sababu picha imeonyesha kimfupa kilichochomoza kisiginoni. Ngoja kwanza. Kimfupa hicho wanacho watu wengi wasioumwa hata kidogo. Kinachouma kwa kawaida ni ule utando mnene unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kupita chini ya unyayo hadi vidoleni, umekazwa kama ugwe wa upinde. Ukisimama kutwa, au uzito ukiongezeka, au nyama za shavu la mguu zikikakamaa, utando huo unavutwa kupita kiasi pale unapoanzia. Hiyo sindano ya dawa, ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), hutuliza, sikatai, lakini nafuu yake haidumu, na inaweza kuyakondesha mafuta yanayokinga kisigino, hata utando wenyewe ukakatika. Si kitu cha kukikimbilia.

Ile niliyokutajia mimi ni nyingine. Wanaiita sindano kavu kwa kuwa haina dawa ndani. Ni nyembamba sana na haina tundu. Fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, alinilaza kifudifudi, akalipapasa shavu la mguu kwa kidole gumba mpaka akapata kifundo kigumu, nikaruka kwa uchungu, naye akachoma papo hapo. Nyama ikashtuka yenyewe, mara moja, kisha mguu mzima ukawa mzito. Baadaye akaja kwenye unyayo, upande wa ndani wa kisigino. Hapo sikufichi, panauma, na kesho yake palikuwa na alama ya damu kuvilia.

Nilimuuliza kama kweli inasaidia. Akanieleza utafiti uliofanywa Australia, ukatoka mwaka 2014: wagonjwa 84, kundi moja likachomwa kweli, la pili likaguswa na sindano ya bandia isiyopenya, kwa wiki 6. Waliochomwa kweli walipungukiwa na maumivu zaidi, hata ya ile hatua ya kwanza ya asubuhi. Tofauti haikuwa ya ajabu, na karibu theluthi moja ya vikao vilileta kero za kupita kama zangu. Nilimpenda kwa kunieleza yote mawili.

Lakini Zuhura, nisikilize hapa. Sindano ilinipunguzia uchungu nikaweza kufanya mazoezi, na mazoezi ndiyo yaliyonirudisha dukani. Simama kwenye ukingo wa ngazi, zile ngazi za nyumba ya mama zinafaa kabisa. Kunja taulo uliweke chini ya vidole ili vipinde kuelekea juu, shika ukuta, halafu simama kwa mguu unaouma peke yake. Inua kisigino polepole ukihesabu hadi 3, tulia juu kwa hesabu ya 2, kishushe kwa hesabu ya 3. Anza na mara 12, pumzika, rudia mpaka iwe mizunguko 3, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Ikikuwia rahisi, beba mkoba mgongoni. Wangu niliutia pakiti za unga. Ni mazoezi yaliyojaribiwa Denmark, na baada ya miezi 3 waliokuwa wakiyafanya walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliokuwa wakinyoosha unyayo tu. Walipofikisha mwaka, makundi yote mawili yalikuwa sawa, kwa hiyo hata kunyoosha usikudharau.

Na kunyoosha kwenyewe ni kabla hujakanyaga chini. Kaa kitandani, pandisha mguu juu ya goti la pili, vuta vidole kuelekea muundi mpaka uusikie unyayo umekaza, hesabu hadi 10, rudia mara 10. Utaona kwamba unapokaa tahiyatu na vidole vya mguu wa kulia vimekunjwa, ni utando huohuo unaovutwa. Ndiyo maana swala ya alfajiri imekuwa nzito kwako. Usione haya kusali juu ya kiti kwa muda.

Ndani ya nyumba usitembee pekupeku juu ya vigae. Tafuta viatu vyenye kisigino laini na kilichoinuka kidogo.

Kama unyayo una ganzi, au mguu umevimba, au maumivu yanakuamsha usiku, muone daktari kwanza. Na dawa unazokunywa zitaje zote kabla hujachomwa, hasa za kuzuia damu kuganda, na sukari yako pia uitaje.

Njoo Mombasa ukae kwangu. Fizio wangu ni mwanamke, utajifunua shavu la mguu bila wasiwasi. Vaa dera, si suruali ya kubana. Nitumie siku unazoweza kutoka Malindi nikushikie miadi, na mama mpe salamu zangu nyingi.

Shoga yako,
Mwanaisha