Semina ya mchana mmoja haimwandai msimamizi wa bweni

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wanafunzi wasimamizi wa mabweni ya vyuo, vijana wanaokabidhiwa funguo na kuambiwa ghorofa hii ni yako. Kazi hiyo niliifanya miaka miwili. Kabla ya wanafunzi kufika tulifanyiwa semina elekezi: namna ya kutumia kizima moto, namna ya kuandika ripoti, nani apigiwe simu mtu akizimia usiku. Suala la kuishi na watu wa tamaduni mbalimbali lilitengewa kipindi kimoja, mchana, baada ya kula.

Mkufunzi alikuwa na nia njema, lakini alichotupa ni orodha. Watu wa dini hii hawafanyi hiki, wa kutoka kule hawapendi kile. Nilitoka pale nikijiona nimeiva.

Wiki ya kwanza niliharibu. Nilikuwa nabandika majina milangoni, na kulikuwa na binti mmoja mwenye jina la sehemu nne. Nikalikata ili litoshe kwenye karatasi. Asubuhi yake nikakuta amechukua kalamu na kuziandika sehemu zilizobaki pembeni, kwa herufi ndogo ndogo zilizopanda ukingoni mwa karatasi hadi juu kabisa. Hakunilalamikia wala hakuniambia lolote. Hadi leo naziona herufi zile. Orodha ya semina isingeniokoa hata ningeikariri yote, maana nilichopaswa kufanya ni kumgongea mlango na kumuuliza jina lake liandikwe vipi.

Halafu ukaja ugomvi wa chumba. Mmoja aliamka alfajiri kuswali na simu yake ililia kumwamsha. Mwenzake alikuwa na kibarua cha usiku, akilala saa nane usiku. Nilifungua kanuni za bweni, nikasoma kifungu cha saa za ukimya, nikaamuru simu izimwe. Kanuni ilikuwa upande wangu, lakini wale wawili walikaa wiki tatu bila kusemeshana. Mwishowe walimalizana wenyewe: simu ikawekwa mtetemo chini ya mto, na taa ndogo ya mezani ikatosha. Mimi sikuwahi kufundishwa kukaa na watu wawili waliokasirikiana nikamsikiliza kila mmoja anieleze jambo lile lina uzito gani kwake. Hilo ni stadi, na stadi hujengwa kwa kuirudia.

Wenye taaluma nyingine walishalisema hili. Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, waliandika kwamba daktari asijione amehitimu utamaduni wa mgonjwa wake. Walitaka awe na unyenyekevu wa kitamaduni: ajikague maisha yake yote, na amwache mgonjwa awe mjuzi wa maisha yake mwenyewe. Bwenini ni vivyo hivyo. Na tangu 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alionyesha kuwa kuwakutanisha tu watu wa makundi tofauti hakutoshi kupunguza chuki. Wanahitaji kuwa na hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano, na mamlaka inayounga mkono kukutana kwao. Kwa mwanafunzi mgeni aliyeshusha mizigo jioni hii, sura ya kwanza ya mamlaka ni huyo msimamizi wa miaka 20 aliyesimama kwenye korido na karatasi ya majina mkononi.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Katika kundi letu alikuwepo msimamizi mmoja tu aliyetoka nje ya nchi. Kila lilipozuka jambo lililomhusu mgeni yeyote, hata wa bara jingine kabisa, aliitwa yeye, hata usiku wa kuamkia mtihani. Alitufundisha sote bila malipo ya ziada, na alichoka. Chuo kinachotaka mafunzo kimlipe mkufunzi, kisimbebeshe mwanafunzi mmoja kazi hiyo kwa sababu tu ya pasipoti yake.

Najua vyuo vitasema ratiba imejaa. Lakini wasimamizi tayari hukutana kila wiki na mlezi wao. Vikao vyetu vilimalizikia kwenye funguo zilizopotea na mabomba yanayovuja. Nusu saa ya kikao hicho inatosha kuleta kisa halisi cha wiki, majina yakiwa yamefichwa, wawili wakakiigiza, wengine wakasema wangeuliza nini. Mlezi naye awepo na akosolewe kama wengine, maana kijana hawezi kukiri kosa mbele ya mkubwa asiyekiri lake. Kazi hiyo ianze muhula huu, na iendelee hadi mwanafunzi wa mwisho arudishe ufunguo.

Msimamizi wa zamani wa bweni