Barua kwa mwanangu: kabla hujaingia duka la dawa la kwanza

Mwanangu mpendwa,

Uliponipigia simu jana kuniambia umeipata ile kazi, nilifurahi hadi nikasahau kukuuliza unaanza lini. Usiku usingizi ulikataa, nikaona bora niketi niandike. Umekaa benki miaka 9. Sasa unakwenda kuwasaidia wafamasia wanaomiliki maduka yao wenyewe, wale wasio na kampuni kubwa nyuma yao, wasio na mhasibu wala mtu wa manunuzi. Nami nimekuwa mmoja wao miaka 26, unajua. Mtu wa kazi yako nilimsubiri mlangoni pangu muda mrefu sana.

Kuna jioni moja sijawahi kukusimulia. Ulikuwa mdogo, na ulipokua nikaona aibu.

Ilikuwa kama saa 12, watu wamejipanga kwenye kaunta, wengine na watoto wenye homa mgongoni. Simu nimeibana kati ya sikio na bega, nabishana na msambazaji aliyeniandikia kwenye ankara katoni ambazo sikuzipokea. Mkono wa kulia unasogeza vidonge kwenye trei, vitano vitano, kama nilivyofundishwa chuoni. Dawa ilikuwa methotreksati, ya mama mmoja mwenye baridi yabisi, na cheti kilisema kidonge kimoja kila siku. Nikahesabu, nikafunga, nikaandika maelekezo kwenye pakiti, nikanyoosha mkono nimpe. Yule mama akaishika pakiti, akaisoma, akasema taratibu, "Mbona zamani nilikuwa nameza Jumatatu tu?"

Wewe hukusomea dawa, kwa hiyo nikufafanulie. Kwa ugonjwa ule, methotreksati humezwa siku moja tu kwa wiki. Ikimezwa kila siku hushambulia uboho, pale damu inapotengenezwa. Mdomo huota vidonda, kinga ya mwili huanguka, na watu wamekufa kwa kosa hilihili katika nchi nyingi. Hakuna mfamasia asiyelijua. Hata mimi nililijua. Nikakata simu ya msambazaji, nikampigia daktari, akashtuka, akarekebisha. Mama akaondoka salama. Baada ya kufunga duka niliketi sakafuni nyuma ya rafu, miguu haina nguvu.

Elimu ninayo, na duka lilikuwa na kila kitu. Kilichokosekana ni macho yangu, maana nusu yake yalikuwa kwenye ankara. Ndiyo sababu naiheshimu kazi unayoianza, hata kabla hujaijua vizuri. Ukimtatulia mwenye duka ugomvi wa ankara, kuna mgonjwa ambaye cheti chake kitasomwa mara mbili, na hutamjua kamwe.

Kwa hiyo usiingie na kuuliza maswali saa ya foleni. Kila duka lina saa zake za kukimbizana, na mwenyewe atakwambia ukimuuliza kwa simu kabla. Ukifika watu wakiwa wengi, simama pembeni utazame. Utaona anatembea mara ngapi kuifuata dawa ileile rafu ya mwisho. Utaona maboksi mawili ya kiwanda kimoja, rangi moja, maandishi yaleyale, tofauti ni namba ndogo ya nguvu ya dawa, na yamewekwa bega kwa bega. Umwambie ayatenganishe. Hilo halihitaji bajeti.

Upande wa fedha najua utanishinda, ila fedha za duka la dawa zina tabia yake. Duka linaweza kuwa na wateja tele, vitabu vinaonyesha faida, na mwenyewe hana cha kumlipa muuzaji wa jumla. Chukua mfano: amenunua kwa mkopo wa siku 30, dawa zimetoka kwa wagonjwa wa bima, na bima imelipa siku ya 75. Zile siku 45 za katikati anazibeba yeye, kwa akiba ya nyumbani au kwa deni lingine. Na dai moja likirudishwa kwa sababu namba ya uanachama imekosewa tarakimu, linaanza safari upya. Mimi nilikuwa na boksi zima la madai yaliyorudishwa, chini ya kaunta, nikijiambia nitayashughulikia Jumapili. Jumapili nilikuwa nalala. Mtu angekaa na lile boksi siku mbili tu, angeona kwamba mengi yalikuwa na kosa lilelile, la msaidizi mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwelekeza. Nililigundua hilo nimechelewa, na muda wa kuyawasilisha tena ulikuwa umepita.

Walinijia watu wawili ambao sijawasahau. Wa kwanza alikuwa mcheshi, akanishawishi ninunue mara tatu ya kawaida yangu kwa sababu kuna punguzo. Nikanunua. Dawa zikalala, zikaisha muda, nikalipia na kuziteketeza kwa utaratibu. Akarudi mwaka uliofuata na punguzo jingine. Sitaitaja kampuni yake, haina maana tena.

Wa pili aliweka mkoba chini, akaomba ngazi, akaanza rafu ya juu. Alipanga kila kitu upya, inayokaribia kuisha muda mbele, yenye muda mrefu nyuma. Alipomaliza alinipa karatasi moja tu yenye dawa 11, akasema, "Hizi usiagize hadi zipungue." Hakuniuzia chochote siku ile. Niliagiza dawa kwake miaka yote iliyobaki, hadi alipostaafu, na aliponikosoa nilimsikiliza.

Friji usiipite. Insulini na chanjo nyingi hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na watu wengi huogopa joto peke yake. Ila ukisukuma insulini ikagusa ukuta wa nyuma, inaweza kuganda usiku. Asubuhi imeyeyuka, chupa inaonekana kama jana, na dawa imeharibika. Mgonjwa atajidunga, sukari haishuki, ataambiwa hafuati masharti. Ndiyo maana lile daftari la kuandikia joto la friji hujazwa asubuhi na jioni. Ukikuta limejazwa mwezi mzima kwa kalamu moja na namba moja, 5, 5, 5, usimfokee msaidizi. Keti naye, mpe kipimajoto mkononi, asome mwenyewe, umweleze kisa cha yule mgonjwa wa sukari. Akijua kwa nini anaandika, ataandika kweli.

Utaulizwa mambo ya dozi, kwa sababu umevaa vizuri na una kompyuta. Mgonjwa atakufuata hata wewe. Usijibu, mwanangu, hata kama umesikia jibu mara 100. Mwite mfamasia.

Na mdomo. Utaona majina ya watu na magonjwa yao, magonjwa ambayo hata ndani ya nyumba zao hayajasemwa. Utajua pia duka hili linanunua kwa bei gani na lile linadaiwa kiasi gani. Mwenye duka wa pili atakudodosa, na kwa nia njema kabisa, maana wengi wao hawana wa kulinganisha naye. Ukimpa siri ya jirani atafurahi, kisha usiku atajiuliza ya kwake umeipeleka wapi. Hilo lilinitokea, kijana mmoja aliponipa siri ya jirani, na tangu siku ile kila alipokuja nilifunika daftari langu.

Kuna moja silijui namna ya kulisema vizuri. Hawa watu wako peke yao. Mchana kutwa wanasikiliza maumivu ya wengine, na jioni hakuna wa kumwambia kwamba leo nilikaribia kukosea. Mmoja akikuambia jambo la namna hiyo, funga kompyuta, umsikilize hadi mwisho. Mimi ningempata mtu wa kumweleza habari ya yule mama wa methotreksati, nisingekaa nayo miaka yote hii hadi leo nakuandikia wewe.

Pamoja na barua hii nimekufungia kipimajoto changu cha friji, kile chenye waya. Nimekilinganisha na kipya, kinasoma nusu nyuzi zaidi, kwa hiyo punguza nusu kabla hujaandika. Waya wake usiubane sana kwenye mlango.

Mama yako